Linux ya Kupimiwa

Kompyuta iligoma katakata, na kwenye kioo ikaandika kwamba imepewa agizo lisilo halali.

Bi Mwantumu, aliyekuwa mlangoni na birika lake la chai ya kuwauzia wateja, akauliza kama siku hizi mashine nazo zinajua halali na haramu. Hussein mwanawe hakucheka. Kibanda cha kuchapa barua, pale Masuguru, kilikuwa chake, na ile kompyuta ya mtumba ilikuwa nzito mpaka wateja wanalalamika. Bibi naye alikuwa na lake moyoni. Nyumba yake ilikuwa imesimama kuta tupu, na kila bati aliloliota lilitegemea kibanda hichohicho.

Kaleb, fundi kutoka Segera, alijifuta jasho akaeleza. Linux ile, mfumo unaoiendesha kompyuta, ilikuja na vifurushi vya programu vilivyotengenezwa vienee kompyuta zote, mpya kwa kuukuu, kama sare ya shule inayonunuliwa kubwa ili mtoto akue nayo. Yeye alikuwa akivitengeneza upya, kwa kipimo cha prosesa, yaani ubongo, ya mashine hii peke yake. Ila alikosea: kipimo alichotumia kilikuwa cha kompyuta yake ya nyumbani, ambayo ni mpya zaidi.

"Umemshonea bibi harusi gauni kwa kumpima mdogo wake," Bibi alisema. "Kunywa chai kwanza, mjukuu wangu. Haraka ya nini?"

Kaleb akanywa, akala na maandazi ya iliki, kisha akaanza upya. Nje benchi lilijaa. Lomayani, mfugaji aliyetoka Handeni kuchapisha barua ya chama chao, alikuwa kwenye kikombe cha tatu, akimsimulia jirani yake tabia za ng'ombe wake, mmoja baada ya mwingine.

Alasiri mashine ikakubali. Barua ya Lomayani ikafunguka kabla mwenyewe hajakaa sawasawa, ikachapwa, akaondoka nayo. Hussein alimkumbatia fundi. Bi Mwantumu alijifuta machozi kwa pindo la khanga, na watu wakasema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Juma lile wateja wakawa wanaingia na kutoka kama nyuki mzingani. Hussein akachapa kazi huku akiimba.

Ijumaa Bibi alipanda basi mpaka Segera, na kapu la maandazi yaliyolala.

"Mjukuu wangu," alimnong'oneza Kaleb, "hakuna tena anayekaa hata chai ipoe. Ile Linux ya mwanzo, pana kama sare ya shule, huwezi kuirudisha Hussein asijue?"