Shingo ya Kinyume

Nyundo alimwibia fundi baiskeli mbili, na mara ya pili alimvunja taya kwa pampu ya fundi mwenyewe. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulikuwa na shughuli nyingine.

Ndipo fundi akatengeneza ile shingo. Shingo ni kile chuma kinachobeba usukani wa baiskeli. Ya kwake aliitia gia mbili ndogo zinazoumana meno. Ukikata usukani kushoto, gurudumu la mbele linakwenda kulia. Ukikata kulia, linakwenda kushoto.

"Mwizi akiipanda hii," alimwambia mkewe, "geti halivuki."

"Na wewe je?"

"Mimi nitajifunza."

Alijifunza miezi sita, magoti yamechubuka, kidevu kimeshonwa. Hakupanda baiskeli nyingine yoyote. Alitaka mikono isahau kabisa mambo ya zamani. Za wateja alizijaribu mkewe. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mwezi wa sita alikuwa akishuka mteremko wa karakana huku anapiga mluzi.

"Baba watoto," mkewe alimtania, "siku moja utataka kunishika mkono, ukamshike jirani."

Nyundo alikuja mchana, nondo mkononi. Mke wa fundi alikuwa chini kabisa ya mteremko, upande wa kulia wa geti, anakinga maji bombani.

"Fundi, nasikia una mpya."

"Ile pale. Chukua."

Nyundo hakuzoea kupewa. Akamtandika nondo ya ubavuni, kwa mazoea tu, na mbavu zikalia kama kuni kavu. Kisha akapanda baiskeli, akaachia mteremko.

Ulimbeba vizuri mpaka getini. Hapo akakata kulia aingie barabarani. Baiskeli ikaruka kushoto, ikambamiza uso kwenye nguzo ya chuma. Fundi aliusikia ule mlio akiwa juu, amepiga magoti. Akacheka huku anatema damu.

Nyundo akainuka. Pua haikuwepo mahali pake. Akaokota nondo, akageuka taratibu kumtazama mwanamke aliyesimama na ndoo.

"Mlijua," alisema. "Wewe na mumeo, wote mlijua."

"Rudi huku, Nyundo," fundi aliita. "Mwenye baiskeli ni mimi."

Nyundo hakugeuka. Akainua nondo.

Kwa mbavu zile fundi asingeweza kukimbia. Kando yake ilikuwepo baiskeli ya mwoka mikate, nzito, yenye kikapu cha chuma mbele, iliyomalizwa kutengenezwa asubuhi ile. Akajirusha juu yake, akaiachia.

Mteremko ukamvuta. Nyundo kushoto, mkewe kulia, hatua tatu kati yao. Mkewe alimwona anakuja, akasimama palepale, kama mtu aliyekwisha kuokolewa. Fundi akainama, akamlenga Nyundo, akasubiri mpaka karibu kabisa, kisha akakata usukani kulia, kama mikono yake ilivyozoea.

Nyundo alipoteza pua na meno manne. Fundi, mbavu tatu. Mkewe, mguu wa kulia, kuanzia gotini kwenda chini.