Karibuni Chakula

Sheria ilikuwa moja: ukipeleka msaada ng'ambo, sharti uonane na unayemsaidia. Ndiyo maana kila mchana, chakula kikishatengwa, ukuta wa sebuleni kwa Bi Zamda uliwaka wenyewe, na familia moja ya visiwa vilivyomezwa na bahari ikaonekana kambini kwao, nayo ikimwona yeye.

Chama chake kilikuwa cha majirani wa Pongwe, wote wa kujitolea. Waliwapelekea mablanketi na unga. Lakini Bi Zamda hakulelewa kumeza tonge mbele ya macho ya watu kimyakimya.

"Karibuni chakula!" alisema kila siku, na ukuta ukawatafsiria.

Kule hakuna aliyejua kujibu "starehe," neno la kushukuru bila kuja kula. Walitazamana tu.

Kisha babu yao akaanza kuvaa koti saa ya chakula. Mama naye akawa anawachana watoto nywele na kuwavisha viatu. Leo mabegi yalikuwa yamefungwa, yamepangwa mlangoni.

"Wanahama?" akauliza Mzee Sekiondo, mume wa Bi Zamda.

"Labda wamepata makazi."

Yule mama akausogelea ukuta, mkono kifuani. "Dada," ukuta ukatafsiri, "umetukaribisha siku zote, nasi tuliona haya kukuitikia. Sasa tuko tayari. Mablanketi tumewaachia wengine. Tupitie wapi?"

Tonge likampoa Bi Zamda mkononi.

Mzee Sekiondo akainuka taratibu, akaenda kuutia komeo mlango wa mbele, ambao mchana haukuwahi kufungwa.