Meno ya Nyanya

Kufikia saa sita nilikuwa nimechoka kueleza. Asubuhi yote wapiga picha wa Kakamega waliniuliza mimi, jaji wao, jambo moja: katika mashindano haya, ni nini kinakubaliwa? Kupunguza kingo za picha, sawa. Kufuta alama ya vumbi, sawa. Kuchora kwa brashi kitu ambacho hakikuwepo, hapana.

"Hata kidogo tu, mwalimu?"

"Hata kidogo."

Picha baada ya picha nikazikataa, nyusi zimechorwa, nywele zimeongezwa. Ikabaki ya Nehemiah, kijana mwenye studio kule Shieywe. Alikuwa amempiga picha nyanya yake akicheka, jua limemulika meno ya juu na ya chini.

"Tazameni," nikawafokea. "Hii haijaguswa."

Nikaibandikia utepe wa mshindi. Nehemiah akainamisha kichwa.

Nyanya mwenyewe alikuwepo. Akaisogelea picha hadi pua ikakaribia kuigusa. Kisha akanigeukia, akavuta mdomo wa chini kwa kidole. Pale mbele palikuwa na pengo pana, la meno aliyong'olewa usichanani, kama ilivyokuwa desturi ya rika lake.

"Mwanangu," akaniuliza, "haya ya kwenye picha ni ya nani?"