Muhuri wa Mkate

Kwa mara ya tatu asubuhi ile Zumrad alinyoosha mkono kuuliza swali lile lile, na darasa zima likaguna.

"Nikiiweka orodha kwenye muhuri, mwalimu, si kwenye mkate. Inakuwaje tena?"

Mwalimu Elmurod alishusha pumzi. Kwa miaka minne alikuwa akifundisha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, katika chumba kile juu ya duka la hariri, mjini Margilan, na wanafunzi wazito alishawaona wengi, ila huyu alizidi. Akauinua tena muhuri wa miiba wa kupigia mikate alama, alioazima kwa mwoka mikate. Kiolezo, akasema, ndio huu muhuri. Vitu vinavyotoka kwenye kiolezo ndiyo mikate. Ufuta ulionyunyiziwa mkate mmoja ni wa mkate huo peke yake, lakini alama iliyo kwenye muhuri inatokea kwenye mikate yote.

"Hili ndilo kosa la wanaoanza," alisema. "Unadhani umemwandikia mmoja, kumbe umewaandikia wote."

"Na mashine hailalamiki?"

"Hata kidogo. Ndiyo maana nakuomba, dada yangu, usilifanye."

Zumrad akaandika kwenye daftari lake. Nyuma yake mtu alinong'ona kwamba huyu heri arudi akafume hariri. Hakuumia. Moyo wake ulikufa ganzi tangu mwaka jana, siku alipomfungulia lango mdogo wake Oygul, karudishwa na wakwe siku ya arobaini baada ya harusi, sanduku mkononi. Sababu haikutajwa. Karudishwa, basi.

Tangu hapo Oygul alishinda jikoni akikata karoti za pilau, hainui uso. Mara mbili akina mama wenye wana waliofikia kuoa walifika mtaani kumuulizia. Mara zote walipitia kwanza kwa Bibi Hurliqo, mshenga, mwenye daftari la kila msichana wa mtaa na doa lake, kisha wakaenda zao bila kubisha hodi kwa akina Zumrad.

Sasa macho ya Bibi Hurliqo yalikuwa yamechoka, na daftari alitaka lihamie kwenye kompyuta. Kazi alimpa Zumrad. Mwenye aibu nyumbani kwake, alisema, hatathubutu kumwaga siri za wenzake.

"Kila msichana na ukurasa wake, mwanangu. Na doa la mdogo wako usije ukalipunguza."

Zumrad aliitika hewala. Siku hizo kila kitu alikiitikia hewala.

Ijumaa majina yote yalikuwa yameshaingia. Madoa Bibi aliyabakiza, ayataje mwenyewe, tena mbele ya wageni, wajue kwamba hafichi kitu. Walikuwa wanawake watatu kutoka Ferghana: mama mwenye mwana daktari, na mawifi zake wawili. Bibi alikuwa amewawekea Sevinch, mjukuu wake mwenyewe. Wakaketi chini ya mizabibu, mkate ukamegwa, na Zumrad akawamiminia chai kidogo kidogo, kama wamiminiwavyo wageni wa heshima.

"Tuanze na Oygul," alisema Bibi, hata sauti hakuipunguza. "Andika. Alirudishwa siku ya arobaini."

Zumrad alifungua ukurasa wa mdogo wake kwenye kompyuta na kuandika, herufi kwa herufi, wote wakimtazama. Mawifi wakatikisa kichwa kwa huruma. Yeye hakusikia chochote moyoni.

"Haya, mfungue Sevinch wangu. Someni wenyewe, msije mkasema bibi anamsifia mjukuu."

Mama wa daktari alivaa miwani, akasoma, akakitua kikombe. Akafungua ukurasa uliofuata, na wa baada yake, kisha akaanza kupekua harakaharaka huku Bibi Hurliqo akimsogelea begani. Wasichana wa mtaa ule walikuwa mia tatu na kumi na wawili, na kila mmoja wao, kama mikate ya muhuri mmoja, alikuwa amerudishwa siku ya arobaini.

Zumrad alimwongezea mgeni chai, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana akatabasamu.