Salamu Ndefu za Heroe

Aliondokea Kuro, swala mzito aliyelalia miguu yake mchana kutwa. Jirani yake Heroe, ndege ambaye wengi humwita korongo kimakosa, hakuchoka kubadilisha mguu wa kusimamia.

"Ngoma gani hiyo, jirani?"

"Naitembeza damu, Bi Kuro."

Mara akatokea Fisi. Kuro akainuka, akaanguka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi.

"Karibu, Bwana Fisi," akasema Heroe. "Mama mzazi hajambo? Na wajomba?"

Fisi, alipoona nyama haina pa kwenda, akachuchumaa akajibu habari za ndugu mmoja mmoja, huku Kuro akikunja na kukunjua miguu kimyakimya. Salamu zilipokwisha, Kuro alichomoka. Fisi akaruka amfuate, akaanguka kifudifudi. Ganzi ilikuwa imehamia kwake.

"Shangazi hukumtaja, bwana," Kuro alimwambia kutoka mbali, bado akitembea.