Anayebaki Anadaka

Manahodha wawili walichagua wachezaji mmoja mmoja mpaka akabaki Siwema peke yake katikati ya uwanja. Kwa kawaida yao, anayebaki ndiye anayedaka.

"Haya, golikipa wetu huyo," nahodha Rukia alisema akicheka.

Siwema akavaa glovu. Dakika za mwisho, timu zikiwa bado sare, Rukia akaushika mpira kwa mkono mbele ya goli lao na refa akatoa penalti. Mpigaji alikuwa Zamda, ambaye siku zote huchaguliwa wa kwanza.

"Lete glovu, nidake mimi," Rukia alisema.

"Mlinibakiza hapa wenyewe, dada. Toka golini kwangu."

Zamda akauweka mpira, akatazama kona zote mbili, akamtazama Siwema. Kisha akauokota, akaufuta vumbi, akauweka tena.