Nyuma ya Sweta

Mama mkwe aliligeuza sweta ndani nje, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Nyuzi zimelegea huku nyuma," alisema. "Fumua."

Bi Harusi, maana nyumba nzima bado ilimwita hivyo ingawa ndoa yake ilikuwa na umri wa kwenda shule, alilitazama sweta lake. Alilifuma ajivalie mwenyewe. Uzi mwekundu ulikaa kushoto kwake, mweupe kulia, na rangi iliyopumzika, ile isiyofumwa kwa wakati huo, aliipitisha nyuma ya nyingine bila kuivuta. Nyuzi zilikuwa zimelala sambamba kama nywele zilizochanwa, wala hapakuwa na fundo.

"Nikizikaza, Mama, litajikunja. Mkono hautapita."

"Mimi nimeanza kufuma wewe hujazaliwa."

Sweta lake la kwanza, kabla ya hili, mama mkwe alilifumua kwa mkono wake, na Bi Harusi akakaa chini akikunja uzi na kusema asante. Sasa kile kidole kikavu kilishaanza kupapasa pindo, kikitafuta ncha.

Nje, mawifi walibisha hodi.

Bi Harusi akalichukua sweta mikononi mwa mama mkwe, taratibu, kama anayepokea mtoto aliyelala. Hakuligeuza. Akalivaa vilevile, nyuzi zote nje. Mkono wa kwanza ukapita, na wa pili ukapita.

"Unakwenda wapi hivyo?"

"Kufungua mlango, Mama. Na wao wakague."